Jina Lililokosekana kwenye Orodha ya Koplo Datius

Siku ya pili baada ya kuripoti katika kituo kidogo cha polisi cha Rwenkoba, upande wa Muleba, Koplo Datius Ndyamukama alipewa karatasi mbili zenye mistari na kalamu ya wino, akaambiwa aandike majina ya ndugu zake wote.

Ilikuwa Machi 1972. Aliyempa karatasi hizo alikuwa mkuu wa kituo, Inspekta mmoja Mngoni kutoka Songea, mtu mrefu aliyependa kusimama mlangoni ili aone barabara na ofisi kwa wakati mmoja. Hakuwa na nia mbaya. Kwa desturi ya Jeshi la Polisi askari hapangiwi kazi nyumbani kwao. Mhaya hupelekwa Lindi na Mmakonde huletwa Bukoba, kwa sababu askari anayelala karibu na shangazi zake ni vigumu awe na mkono sawa kwa watu wote. Datius mwenyewe alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne mbali na kwao. Lakini baba yake alipofariki, na yeye akiwa mtoto wa kiume pekee, aliomba uhamisho ili asimamie kibanja, lile shamba la migomba na kahawa ambamo baba na babu yake wamezikwa. Barua yake ilipanda kutoka kituoni kwake Dodoma hadi kwa kamanda wa mkoa, ikafika makao makuu Dar es Salaam, ikarudi na jibu lenye sharti. Ahamie, ila aorodheshe ndugu zake, na asishike kazi yoyote inayomhusu mmoja wao.

"Andika wote," alisema Inspekta. "Wa baba, wa mama, wa mke. Ukimaliza weka sahihi hapa chini, kwamba hakuna uliyemwacha."

"Afande, hapo umempa kazi ya mwezi mzima," alisema Philbert, karani wa kituo, mwenyeji wa hapo hapo. "Sisi huku kila mtu ni shemeji wa mtu."

Konstebo Mustapha, kijana wa Ujiji, alikuwa anapita na ndoo ya maji ya bustani. Alichungulia karatasi begani kwa Datius. "Koplo, kwa orodha hiyo mwizi wa kukamatwa na wewe itabidi tumwagize kwetu Kigoma."

Datius alicheka pamoja nao akaendelea kuandika. Alianza na mama yake mzazi, Kokubanza, kisha wajomba, shangazi, binamu na ndugu wa mkewe Ephrasia. Alipofika jina la arobaini na moja alisimamisha kalamu. Lilibaki moja. Aliliona waziwazi kichwani, na hata herufi ya kwanza alikuwa ameanza kuiumba kwa mkono, kalamu ikiwa juu ya karatasi bila kuigusa. Philbert alikuwa ameketi mbele yake, akipiga mihuri. Siku za kazi Philbert alikuwa karani. Siku za Jumapili alikuwa katekista wa kigango, na ndiye ambaye angewafundisha watoto wa Datius sala.

Datius alipiga mstari chini ya jina la arobaini na moja, akaweka sahihi.

Jina aliloliacha lilikuwa la Gamaliel Mwijage.

Ili kuelewa kwa nini aliliacha, lazima turudi nyuma hadi mwaka 1953, wakati Datius na Gamaliel walipokuwa vijana wa miaka kumi na minane. Mmoja alikuwa Mkatoliki na mwingine Mlutheri, lakini walichunga mbuzi pamoja tangu utotoni, na kama vijana wengi wa Kihaya wa siku hizo walikwenda Uganda kwa miguu kutafuta kibarua. Karibu na Masaka Datius alishikwa na homa kali. Wenzao walisonga mbele. Gamaliel alibaki naye majuma matatu katika banda la watu wasiowajua, akimnywesha uji na kumfunika kwa koti lake mwenyewe, hadi alipoweza kusimama. Waliporudi nyumbani mikono mitupu, baba yake Datius alisema kwamba mtu aliyefanya hivyo hawezi kuachwa abaki rafiki tu.

Basi wakafanyiwa omukago, undugu wa kuchanjana damu. Mzee wa ukoo aliwachanja kidogo karibu na kitovu. Akachukua buni moja ya kahawa, akaipasua, kila kipande akakipaka damu ya mmoja na kukiweka katika kiganja chake, na mwenzake akakichukua kwa midomo na kukimeza bila kutafuna. Maneno waliyotamka yalikuwa machache. Sitakukana. Sitakufungia mlango. Sitakutoa kwa anayekutafuta. Na atakayevunja, kipande alichomeza kitamvimba tumboni mpaka kimuue.

Padri alikuwa amekemea jambo hilo kanisani mara nyingi, na mchungaji wa kina Gamaliel vilevile. Kwa hiyo vijana wawili walikubaliana kunyamaza. Walioshuhudia walikuwa wazee, na mmoja baada ya mwingine walifariki, hata ikafika wakati ambapo aliyebaki hai na mwenye kujua alikuwa Mama Kokubanza peke yake.

Mwaka 1958 Datius alijiunga na polisi. Huko chuoni Moshi alijifunza gwaride, sheria ya ushahidi na namna ya kuandika maelezo ya shahidi bila kuongeza neno lake, kisha akashika Biblia na kuapa kwamba atatumika bila upendeleo wala chuki. Usiku wa Uhuru alikuwa zamu Dodoma, na baadaye aliwasimulia vijana jinsi walivyobandua taji kwenye kofia zao na kuweka alama ya nchi yao wenyewe. Aliipenda kazi. Ukimuuliza polisi ni nini, hakuanza na rungu. Alianza na ngazi: konstebo chini, juu yake koplo, halafu sajini, halafu wakaguzi, mkuu wa kituo anawajibika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, huyo kwa kamanda wa mkoa aliyepo Bukoba, na kamanda kwa Inspekta Jenerali Dar es Salaam. Alisema uzuri wa ngazi hiyo ni kwamba kila neno unaloandika kwenye kitabu cha matukio lina mtu wa kulisoma.

Pale Rwenkoba kazi zilikuwa za kawaida. Asubuhi alikagua mahabusu na silaha, akafungua kitabu cha matukio, akapanga doria. Alipeleka hati za kuitwa shaurini, akasindikiza washtakiwa hadi mahakamani, akasimamia ukaguzi wa mabasi ya Biharamulo siku za gulio, akasuluhisha ugomvi wa mbuzi aliyekula maharage. Lilipotokea shauri la mmoja wa wale arobaini na moja, alisogea kando na Mustapha akalichukua. Kwa miaka miwili mpango huo ulikwenda bila tatizo.

Jumamosi zisizo na zamu alipanda baiskeli kwenda kwa mama yake, na mara nyingi Gamaliel alikuwepo. Waliketi nje, Mama Kokubanza akawaletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile buni iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kila mgeni wa Kihaya hupewa kabla ya neno lolote. Majirani waliwaona kama marafiki wa zamani.

Gamaliel hakuwa na kibanja cha urithi. Alikuwa mtoto wa mwisho, na alichopata ni kipande cha rweya, yaani mbuga ya majani yenye udongo mwembamba ambao hauzai ndizi mpaka ulazimishwe. Alilazimisha. Miaka kumi na minane alibeba samadi kwa kapu kichwani na kutandaza nyasi, shimo kwa shimo, mpaka akapata migomba mia mbili inayosimama yenyewe. Mtu aliyepita barabarani aliona kisiwa cha kijani katikati ya majani makavu na kuuliza ni cha nani.

Mwaka 1974 amri ya kuhamia vijijini ilifika kata ile. Penye vibanja vya zamani watu walibaki walipo, kwa kuwa tayari waliishi karibu karibu. Lakini waliotawanyika kwenye rweya walitakiwa kusogea barabarani, ambako shule na zahanati vingejengwa. Vigingi vya mtaa mpya wa nyumba na viwanja vilipita katikati ya migomba ya Gamaliel, na nyumba yake ikawekewa alama ya kubomolewa. Alichofanya kwanza hakikuwa kosa kubwa. Aling'oa vigingi vyote ishirini na viwili, akavifunga kamba kama kuni, akavipeleka kwenye ofisi ya kata na kuviegemeza mlangoni. Kesho yake msaidizi wa wapimaji alirudi na vingine.

"Mzee, hiki unachokililia si kibanja," kijana yule alimwambia, akipiga kigingi kwa nyundo. "Ni majani uliyoyafunga kamba."

Gamaliel alimpiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa kijana ulivunjika mahali pawili. Gamaliel alisimama akautazama ule mkono, kisha akatupa mpini na kukimbia. Mkewe Alistidia akachukua watoto na kwenda kwa kaka yake Hamugembe, Bukoba mjini.

Siku mbili zilipita. Ijumaa Mama Kokubanza alitembea mwenyewe hadi kituoni, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Aliwasalimu waliokuwepo, Inspekta na Mustapha, kwani Philbert alikuwa ametoka, akamkabidhi mwanawe mkungu. Kisha, kwa Kihaya na kwa sauti ya kawaida, akamwambia, "Mgeni wako amefika. Amekula."

"Mama anasema nini?" aliuliza Inspekta.

"Anasema ndizi hizi zisikae, afande. Zimeanza kuiva," alijibu Datius.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa mdomo kwa mkubwa wake katika miaka kumi na sita.

Kesho yake alikwenda. Gamaliel alikuwa ameketi ndani, kwenye majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, akimenya ndizi pamoja na mama kama mtoto wa nyumba. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, lile la kwaya, kwa sababu ndilo aliloliona la kwanza alipopita kwake mbio.

"Umekuja na pingu?" aliuliza.

"Nimekuja na sukari."

"Basi kaa."

Datius aliketi. Walitafuna kahawa. Kisha Datius akasema, "Yule kijana anaweza kupoteza mkono."

"Najua. Naona ule mkono hata nikifumba macho." Gamaliel aliendelea kumenya. "Unataka niende mwenyewe kituoni."

"Sijasema."

"Hujasema kwa sababu huwezi kusema. Unataka niseme mimi, ili wewe ubaki msafi huku na huku. Datius, mimi nilikulinda Masaka bila kukuuliza kama umepona uondoke."

"Niambie basi nifanye nini."

"Usifanye. Nyamaza tu. Nikipata nguvu nitavuka kwenda Karagwe."

Mama Kokubanza alikuwa akisikiliza. "Hapa hatoki mtu kwa kusukumwa," alisema. "Nilikuwepo siku ile. Kisu kilikuwa changu."

Datius alirudi kituoni akiwa na maumivu chini ya kitovu. Alijiambia ni njaa. Kwenye nyumba za askari Ephrasia alimwekea chakula, naye akakisogeza kando.

"Tumbo tena?" mkewe aliuliza.

"Litapita."

Jumanne asubuhi Inspekta aliwapanga mstarini. Wilaya ilikuwa imeuliza mara mbili kuhusu mtuhumiwa, na sasa nyumba zote zitapekuliwa kumi kumi, mabalozi wakiongozana na askari. "Koplo, wewe unazijua njia, utaongoza. Ila nyumba za ndugu zako sikupi, kanuni ni kanuni. Hizo atazipekua Mustapha, Alhamisi. Philbert, toa ile orodha."

Philbert alifungua jalada na kusoma kwa sauti. La kwanza lilikuwa Kokubanza, mama mzazi. Mustapha aliyanakili majina kwenye daftari lake, na Datius alisimama wima, mikono imebana mapaja, akiyasikia majina aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe yakigeuka kuwa njia ya kumfikia Gamaliel. Kila neno la kanuni lilikuwa sahihi. Kama angaliliandika jina la arobaini na mbili siku ile, leo asingeongoza msako huu, na mtu yeyote mwenye akili angejua tangu mwanzo pa kumtafuta Gamaliel. Kwa kutoliandika alikuwa amempa ndugu yake siku tano za kujificha, na kujipa mwenyewe mahali pasipo na mlango.

Alifikiri kwa namna alivyofundishwa Moshi, hoja kwa hoja. Akimtumia Gamaliel habari za Alhamisi, atakuwa amemtorosha mtuhumiwa. Akinyamaza, Mustapha atamkuta nyumbani kwa mama, na mama atashtakiwa kwa kumficha. Akisema alipo, basi amemtoa. Alitafuta hoja ya nne, hakuiona.

Mchana huo alipomaliza nyumba kumi za kwanza, alipanda baiskeli kuelekea kwao. Alifika kwenye kona ambapo barabara inatoka kwenye migomba na kuingia rweya. Kutoka hapo moshi wa jiko la mama yake ulionekana. Alishuka. Alisimama akiwa ameshika usukani, gurudumu la mbele likielekea nyumbani.

Mama mmoja jirani, Kokuhirwa, alipita na mzigo wa nyasi kichwani.

"Koplo, baiskeli imekufa?"

"Haijafa, mama."

"Basi umekufa wewe."

"Nimekaribia," alisema Datius.

Kokuhirwa alicheka na kwenda zake. Alipotoka kukata mzigo wa pili alimkuta bado amesimama palepale. Safari hii hakutania. Alimsalimu kwa heshima na kupita upande wa pili wa barabara. Datius akaigeuza baiskeli na kurudi alikotoka.

Jumatano, saa tatu asubuhi, aliingia ofisini akiwa amepiga pasi sare yake na kung'arisha viatu. Alipiga saluti. "Afande, naomba lile jalada langu. Kuna jina niliacha."

Inspekta alimsogezea. Datius aliinama, akaandika chini ya mstari alioupiga miaka miwili nyuma, namba arobaini na mbili, kisha akasogeza karatasi mbele. Inspekta alisoma, akasoma tena.

"Huyu ni yule tunayemtafuta?"

"Ndiye, afande."

"Ni nani kwako?"

"Ndugu."

"Wa baba au wa mama?"

"Wa kuchanjana."

Philbert aliweka muhuri wake mezani taratibu.

Inspekta hakucheka, na kicheko ndicho Datius alichokiogopa kuliko adhabu. "Hata kwetu wazee walifanya hayo," alisema. "Lakini karatasi hii haina nafasi ya ndugu wa namna hiyo."

"Ndiyo maana sikuandika, afande."

"Hapana. Karatasi inasema wote. Uliacha kwa sababu nyingine."

"Niliona aibu mbele ya Philbert."

Philbert alikohoa na kutazama dirishani.

"Yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

Datius aliweka kalamu mezani, akasimama wima.

"Koplo, nakuuliza kama mkuu wako wa kituo."

"Afande, niulize jambo lingine lolote."

Inspekta alikwenda akasimama mlangoni, mahali pake, akiwa amewapa mgongo. Barabarani basi la Bukoba lilipita, limejaa magunia juu. "Philbert," alisema bila kugeuka, "wewe ni wa hapa. Ndugu wa namna hiyo akikimbia, anakimbilia wapi?"

Karani alijibu akiitazama mihuri yake. "Kwa wazazi wa mwenzake, afande. Hawawezi kumnyima."

"Mama yangu hajui sheria," Datius alisema haraka. "Mtu yule aliingia kwa haki yangu, si kwa haki ya mama. Kama kuna aliyemficha, ni mimi. Naomba iandikwe hivyo."

"Itaandikwa," alisema Inspekta. "Vua mkanda."

Mustapha alimkuta Gamaliel saa nane mchana, ameketi pembeni ya Mama Kokubanza, anachagua maharage. Hakukimbia. Alipofikishwa kituoni ilionekana wazi kuwa kuna shida nyingine: mvua ilikuwa imebomoa daraja la upande wa Muleba, gari la wilaya haliwezi kuja, na kituo kina chumba kimoja tu cha mahabusu wanaume. Chumba hicho hicho Datius alikuwa amekikagua kila asubuhi kwa miaka miwili, akigonga fito za dirisha kwa rungu kuhakikisha hazijalegea. Sasa alikuwa ndani yake. Mustapha alifungua mlango, akamwingiza Gamaliel, akasema, "Samahani, koplo," na kufunga.

Chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu. Gamaliel aliketi kona ya mbali kabisa, ambayo haikuwa mbali.

"Umenitoa," alisema.

"Sikusema uko wapi."

"Lakini nimekamatwa."

"Umekamatwa."

"Basi ulifanya nini?"

"Niliandika jina lako."

"Kwenye nini?"

"Kwenye orodha ya ndugu zangu. Ya serikali. Ina muhuri."

Gamaliel aliegemeza kichwa ukutani. Nje Mustapha alikuwa anamwagilia bustani, na maji yalisikika yakiangukia majani. "Miaka ishirini na moja," Gamaliel alisema mwishowe. "Ulikuwa na miaka ishirini na moja ya kuniandika, ukachagua siku hii."

Siku mbili walikaa hivyo, wakila sahani moja kwa sababu kituo kilikuwa na sahani moja ya mahabusu. Ephrasia alileta chakula na kusimama dirishani.

"Lile kovu," alimwambia mumewe. "Miaka kumi na tano uliniambia umechomwa na kijiti cha kahawa."

"Ilikuwa kahawa," alisema Gamaliel kutoka kona yake, na Ephrasia, ingawa alikuwa na hasira, alishindwa kuzuia kicheko.

Sheria ilifuata mkondo wake. Gamaliel alihukumiwa miezi tisa. Mkono wa yule kijana ulipona, ingawa haukunyooka sawasawa. Mama Kokubanza hakushtakiwa. Maelezo yaliandikwa kama Datius alivyoomba. Datius mwenyewe alifika mbele ya wakubwa Bukoba, akasomewa makosa mawili, tamko la uongo na kushindwa kutoa habari za mtuhumiwa, akakubali yote mawili. Walimfukuza kazi. Alikabidhi sare, kofia, filimbi na kitambulisho, akapanda basi kurudi kwenye kile kibanja ambacho kwa ajili yake aliomba uhamisho. Padri alimpa kitubio na kumrudisha kwenye komunyo baada ya miezi sita. Tumbo liliendelea kumuuma. Daktari wa misheni alisema ni vidonda. Datius alimshukuru, akameza dawa, na hakuamini.

Gamaliel alipotoka jela, nyumba yake ya rweya ilikuwa imebomolewa na migomba imeanza kukauka kwa kukosa nyasi. Serikali ya kijiji ilimpa kiwanja kwenye mtaa mpya, kando ya barabara. Viwanja viligawiwa kwa namba, bila kuangalia sura ya mtu, na chake kilitazamana na lango la kibanja cha Datius. Mlango kwa mlango, barabara katikati.

Jumamosi ya kwanza alivuka. Datius alimwona akija tangu anafunga mlango wake, na alikuwa na muda wa kuingia ndani. Hakuingia. Mama Kokubanza alileta kikapu. Gamaliel alikitazama kwa muda, akachukua buni moja, akaitafuna. Datius akachukua nyingine. Walizungumza juu ya mvua na fukusi wa migomba, na Gamaliel akaondoka.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na nyingine baada yake. Wale wawili hawakuulizana tena juu ya orodha ile. Majirani husema ni jambo zuri kuona wazee wanasameheana, lakini Ephrasia, anayewapikia, hasemi hivyo. Anasema siku moja mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri, barabara ikawa mto, na mumewe, akidhani Gamaliel hatavuka, akafurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Aliketi karibu na jiko akiwa amekunja miguu. Kisha, saa zilezile za kila Jumamosi, alisikia mtu akikung'uta matope viatuni pale mlangoni, na mkono wake ukaenda wenyewe chini ya kitovu. Akanyanyuka, akachukua kikapu cha kahawa, akaenda kumfungulia.